Mbaoni Palikuwa Pakavu

Mnanicheka nikisema nilikuwa mtu wa reli hapa Bukoba. Juzi mjukuu wangu anayesoma sekondari alinisahihisha mbele ya wageni. "Babu, Bukoba hakuna reli. Garimoshi linaishia Mwanza, iko kwenye ramani." Wageni wakacheka, mimi nikaendelea kula ndizi zangu. Ramani yake ni sahihi, garimoshi halikufika huku. Lakini reli ilikuwapo enzi za Mwingereza, nyembamba, ikitoka ghala la kahawa na kushuka mpaka gatini meli ilipofunga. Juu yake yalipita matoroli ya chuma, kila moja likisukumwa na watu wanne. Urefu wake wote ungeumaliza kwa miguu kabla kiko chako hakijazimika. Katikati yake njia ya watu waendao gatini iliikata reli hiyo, na hapo ndipo nilipofanya kazi miaka sita. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia kwamba mtu hagongwi.

Nawaandikia ninyi wajukuu, na vijana wengine mnaovaa fulana zile za kung'aa mkasimama barabarani kuvusha watoto wa shule. Nimewaona. Mnapuliza filimbi sana na kutazama simu sana. Sina ugomvi nanyi, nilikuwa mbaya kuliko ninyi, na ndilo ninalotaka kulisema kabla sijaondoka.

Pale njia ilipokata reli palitandikwa mbao nene za mvule, kati ya vyuma viwili na kidogo pembeni, ili watu wasijikwae. Watu wakapaita Mbaoni. Mvua ya Bukoba mnaijua, inanyesha kana kwamba hakuna mahali pengine pa kwenda. Njia nzima kutoka sokoni ilikuwa tope la kukuvua kiatu. Ukifika Mbaoni ndipo unapata mahali pa kukanyaga, kwa maana mbao ziliinuka juu ya ardhi na maji yakapita chini yake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, aliyeitumikia reli kubwa ya kati mpaka mabehewa yakamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akikuonyesha hesabu kwa vidole alisema, "Ongeza viwili, vimebaki Tabora." Kihaya hakukijua na hakuwa na haraka ya kukijua.

Siku yangu ya kwanza nilisimama Mbaoni nikipiga kelele, "Simama, simama," mpaka koo likakauka. Hakuna aliyesimama. Mzee Maganga akaniita kando.

"Mwanangu, watu hawa wanaambiwa simama tangu asubuhi. Askari anawaambia simama, karani anawaambia simama. Neno hilo limechakaa. Wewe mwambie mtu habari ya mzigo wake."

Wakati huohuo mama mmoja alikuwa anakuja na kikapu cha samaki kichwani, macho yote kwenye meli, na toroli lilikuwa linashuka. Mzee Maganga akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, samaki wako." Mama akaganda palepale, mkono ukaenda kichwani. Toroli likapita mbele yake.

"Samaki wangu wamefanya nini?" mama akauliza.

"Hawajafanya kitu, mama. Nilikuwa nawasifu."

Nimeitumia hila hiyo maisha yangu yote, na haijawahi kunitupa. Mwenye baiskeli unamwambia gurudumu lake. Mwenye mbuzi humwambii kitu, unamshika mbuzi.

Kengele yetu haikuwa kengele. Ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo kwa mnyororo, na nyundo kando yake. Mwezi wa kwanza nilikigonga mfululizo, toroli likija na lisipokuja, kwa sababu nilipenda ule mlio. Mzee Maganga akaificha nyundo siku mbili. Aliponirudishia akasema, "Sasa umewazoesha watu kuisikia bila kuisikiliza. Itakuchukua mwezi mzima kuwarudisha." Ilinichukua miezi miwili. Nanyi wa filimbi, mmesikia.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la wimbo. Reli yetu ilipotoka ghalani ilipanda kwanza kidogo, halafu ndipo ikateremka hadi gatini. Wasukumaji walipopandisha toroli lenye magunia ya kahawa waliimba, mmoja akianza na wenzake wakiitikia, maana bila wimbo magunia yale hayapandi. Kutoka Mbaoni hukuwaona, ghala liliwaficha, bali uliwasikia. Wakifika juu, wimbo unakatika. Hawana tena haja ya pumzi ya kuimba, toroli linashuka lenyewe, na wao wanakimbia kando yake wakiegemea breki, ambayo ilikuwa gogo tu la kukandamiza gurudumu. Mvua ikinyesha gogo linateleza.

"Usingoje kuliona toroli," Mzee Maganga aliniambia. "Wimbo ukikatika, piga kengele. Uwe unakula, uwe unajikuna, uwe unazungumza na gavana. Wimbo ukikatika, piga."

Sasa nije kwenye kofia. Walinipa kofia ngumu yenye beji ya shaba. Nilikuwa kijana wa Muleba, mtoto wa nne wa nyumba ya wakulima wa kahawa, Walutheri wa kuimba sauti ya tatu, na nyumbani kwetu nilikuwa wa kutumwa maji. Nikiwa na kofia ile kichwani nilionekana mzee wa watu. Wahaya wenzangu hawahitaji kuelezwa, lakini baadhi yenu mmezaliwa Dar es Salaam, basi sikilizeni. Kwetu mwanamke akimwamkia mtu wa heshima alipiga magoti. Halikuwa jambo la kupita haraka. Alitua mzigo, akapiga magoti, akauliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, na wewe ukamjibu moja moja, kwa upole, mpaka maamkizi yaishe. Kumwacha mtu amepiga magoti ukaenda zako kabla hajamaliza kulikuwa kumtukana yeye na waliomzaa.

Wanawake waliopeleka ndizi mbivu na mayai kwa abiria wa meli wakaanza kuniamkia. Na hakuna mwanamke atakayepiga magoti topeni na kanga yake safi ya kwendea gatini. Walipiga magoti pakavu. Walipiga magoti Mbaoni, katikati ya reli.

Mzee Maganga akiwa zamu aliwainua. "Inuka mama, hapa si sebuleni." Wao wakacheka, wakasema Mnyamwezi huyu hana adabu, wakapita. Mimi aliniambia faraghani, akinionyesha ziwa kwa mkono wake wenye upungufu.

"Wale hawapigi magoti kwako, wanapiga magoti penye ukavu. Pale ufukweni mchanga ni wa bure. Jaza matoroli mawili, mwaga huku na huku nje ya reli, weka ubao mmoja kila upande. Watakuamkia huko. Ni kazi ya nusu siku."

"Ndiyo, mzee. Nitamwandikia Bwana Gati barua ya ruhusa."

"Mchanga una barua gani?"

Sikuandika barua wala sikuchukua koleo. Akiniuliza nilisema karani wa Bwana Gati, yule msimamizi wa gati, hajajibu. Nitawaambia sababu, na sijapata kuisema hata kwa marehemu bibi yenu. Nje ya reli, nyuma ya ile nguzo, hakuna mtu angeona. Mbaoni palionekana na gati zima. Abiria walioegemea vyuma vya ukingo wa meli, makarani, Wahindi wa maduka waliokuja kupokea bidhaa, wote walimwona kijana wa Muleba akipigiwa magoti. Nilikipenda kitu hicho. Nilikipenda kuliko mshahara, na nilipokwenda Muleba mwisho wa mwezi nilimsimulia mama yangu mpaka akaniambia nile, chakula kinapoa.

Najua nachelewa kufika. Mzee akikaribia jambo asilolipenda huanza kuzunguka, na mimi nizunguke kidogo. Baada ya yale nitakayoyasema nilihamishiwa ng'ambo ya ziwa, kwenye stesheni ya garimoshi lenyewe, na huko nilijifunza ambayo ningetakiwa kuyajua mapema. Niliona kwamba mtu havunji sheria kwa ubishi. Palikuwa na daraja zuri la kuvukia juu ya reli, na kila siku watu waliliacha wakakatiza chini. Msimamizi wa stesheni aliwaita washenzi. Siku moja nilipanda daraja lile nikiwa na gunia la viazi begani, ngazi moja hadi nyingine, nikapumzika mara mbili kabla ya kufika juu, nikaelewa. Daraja lilijengwa na mtu asiyebeba kitu. Nilimwona pia mzee kipofu aliyeshuka behewa kila Jumatano akapita salama kuliko wenye macho, kwa sababu aligusa ukingo wa jukwaa kwa fimbo kabla ya kila hatua, na hakumwamini mtu yeyote. Basi mkiona watu wote wanapita mahali pabaya, kabla ya kuwatukana piteni ninyi kwanza mahali pazuri, mkiwa na mzigo. Haya. Nimekwisha kuzunguka.

Kokushubira alikuwa mke mchanga wa Ijuganyondo, ameolewa hajamaliza mwaka. Alileta ndizi mbivu gatini kila meli ilipokuja. Alikuwa na adabu ya kupita kiasi, adabu ya mtu anayeishi na mama mkwe mkali na anataka kusifiwa. Maamkizi yake hayakuruka kitu. Aliuliza hata habari za Muleba, kwa wazazi ambao hajapata kuwaona.

Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yanaanguka. Meli imefunga, abiria wamejaa juu, kahawa inashuka toroli baada ya toroli. Mzee Maganga alikuwa upande wa gatini akipokea. Kokushubira akafika Mbaoni, akatua kikapu, akapiga magoti, akaniamkia. Nikamjibu. Nyuma ya ghala watu wanaimba. Akauliza wa nyumbani. Nikamjibu.

Wimbo ukakatika.

Niliusikia ukikatika kama mnavyosikia mvua ikiacha bati. Nguzo ya kengele ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Ili kuifikia ningempa mgongo mwanamke aliyepiga magoti mbele yangu, na watu wote wale juu ya meli wanatutazama. Nikafikiri, yamebaki maamkizi mawili, ayamalize. Akauliza habari za Muleba. Nikamjibu, tena kwa upole, nikiwa nimeweka mikono nyuma kama mkubwa. Hapo ndipo nikaliona toroli limetokea kwenye kona ya ghala, na wasukumaji wamelala juu ya lile gogo na gogo halishiki.

Nikapiga ukelele. Sikumwambia habari ya kikapu chake, sikumshika mkono. Nilisema lile neno lililochakaa. Yeye aliinua uso kwangu kwanza, hakutazama kando. Halafu akaanza kuinuka, lakini kanga ilikuwa imebanwa chini ya goti, ikamrudisha. Mwili aliutoa. Mguu wa kulia ukabaki, toroli likaugonga gotini.

Nami nikafanya nini? Nikakimbilia nguzoni, nikapiga kengele. Niliipiga kwa nguvu zangu zote, toroli likiwa limekwisha kupita. Mpaka leo siwezi kuwaeleza kwa nini. Nadhani mkono ulitaka kufanya kazi yake hata kama kazi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Walimpeleka hospitali. Hakufa, na mguu haukukatwa, lakini goti lile halikukunjika tena.

Bwana Gati alikuwa Mwingereza mrefu, mtu wa taratibu, si mbaya. Alikaa mezani na karani wake, akatuita mmoja mmoja.

"Kengele ililia?" karani akaniuliza.

"Ililia, bwana."

Wakaulizwa wasukumaji kama walisikia kengele. Waliisikia. Wakaulizwa wauza mayai. Waliisikia. Gati zima liliisikia, tena vizuri sana. Hakuna aliyeulizwa ililia lini, na mimi sikusema. Karani akaandika kwamba mwanamke aliisikia kengele akakaidi. Akanisomea, akaniuliza kama ni sawa, nikaweka sahihi yangu nzuri ya shule ya misheni.

Karatasi ile haikubaki mezani. Nakala ilipelekwa kwa mkungu, yaani mkubwa wa kijiji, na mkungu akaisoma mbele ya watu wa Ijuganyondo iwe onyo. Basi mwanamke aliyekuwa na adabu kuliko wote walionipitia mbele akaitwa Mkaidi. Na tangu siku hiyo alipowaamkia wakubwa alibaki amesimama, kwa hiyo asiyejua habari zake aliona kwa macho yake kwamba kweli ni mkaidi.

Juma lililofuata nilichukua koleo. Nilijaza matoroli mawili ya mchanga kutoka ufukweni, nikamwaga huku na huku, nikaweka ubao mmoja kila upande. Nilianza baada ya chai nikamaliza kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeniuliza ruhusa. Wanawake wakahamia huko siku hiyohiyo, bila neno, kama maji yaliyochimbiwa mfereji. Nilisimama nikitazama mchanga ule nikatamani ungalikuwa mgumu kubeba.

Mzee Maganga alikuja akasimama karibu yangu. "Ile kengele," akasema, "uliipiga lini?" Nikaanza kukwangua tope kwenye koleo. Akangoja, halafu akaenda zake. Tulifanya kazi pamoja mwaka mwingine mzima mpaka aliporudi kwao Tabora, alinisalimia vizuri kila asubuhi, na hakunifundisha tena kitu hata kimoja. Vijana, kugombezwa na mwalimu si kitu. Ombeni asije akaacha kuwagombeza.

Nilihama, nikaoa, nikarudi Bukoba, nikapanga chumba Kashai. Nilikuwa nashiriki meza ya Bwana kanisani kila ilipotandikwa, na kila mara nilijiambia kwamba kengele ililia, sikusema uongo. Maneno yale yalinitosha zaidi ya miaka kumi. Ndivyo nilivyo, na sijivunii.

Yaliacha kunitosha siku moja mchana, nyumbani kwangu mwenyewe. Ilikuwa miezi ya mwisho ya Mwingereza, watu wanazungumza habari za bendera mpya. Binti yangu mkubwa, mama yake huyu wa ramani, alitumwa kwa jirani na kikombe kuomba chumvi akakataa kwenda. Mke wangu akamwambia, "Unataka uwe kama yule mkaidi wa Mbaoni?"

Niliuliza, "Mkaidi gani?"

"Ee, waitu, mwenzangu, humjui na ulifanya kazi palepale? Yule aliyepigiwa kengele akakataa kuondoka. Mama yangu alikuwa anatutishia naye."

Mke wangu alikuwa wa upande wa Kanyigo, mbali na Ijuganyondo. Jina lilikuwa limefika huko. Binti yangu akachukua kikombe akaenda kwa jirani.

Kesho yake nilikwenda Ijuganyondo kwa miguu. Nilielekezwa nyumba yake kwa jina lile lile la Mkaidi, nami nikalikubali. Nikapita katikati ya migomba, nikapiga hodi. Akatokea mlangoni mwanamke mwenye fimbo, amenenepa kidogo, akasema haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara elfu, "Karibu baba, unisamehe, mimi sipigi magoti. Ni mguu."

Halafu akanitazama. Hakusema karibu ya pili. Nikabaki uani.

"Mimi ni yule wa kengele," nikasema.

"Nakujua. Umeota mvi."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga njiani maneno marefu, na yote yakanipotea. Nilisema kwamba kengele niliipiga baada, kwamba karani alipoandika nilinyamaza, kwamba nilisikia wimbo ukikatika nikanyamaza pia. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

"Mimi unaniambia nini?" akasema. "Nilikuwapo."

Nikashusha macho kwenye fimbo yake.

"Nilikuwa nakutazama usoni. Niliona umesikia kitu. Nikasema moyoni, mwenye kofia amesikia, na ametulia. Basi si jambo." Alilisema bila hasira, na ningependa angelisema kwa hasira. Watoto wangu, nimesomewa mambo mengi na wakubwa wa kazi, na hakuna lililoniingia kama hilo. Mtu alinitazama ili ajue kama yuko salama, na uso wangu ukamdanganya.

"Uliwaambia wa hapa?" nikauliza.

"Niliwaambia. Mama mkwe akasema, gati zima lisikie kengele, usiisikie wewe peke yako? Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu mtu mwingine aje aseme. Mwanzo mwanzo alikuwa anauliza, hakuja mtu wa gatini? Baadaye akaacha kuuliza. Alinipikia, aliniogeshea watoto, na aliniita Mkaidi mpaka mwisho."

"Yuko ndani? Nimwambie."

Akaelekeza fimbo migombani. "Yuko pale. Tulimzika msimu wa senene uliopita."

Senene walikuwa wameruka miezi minne nyuma. Miezi minne, nami nilikuwa Kashai, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka kuondoka. Nilianza hata kugeuka.

"Ulikuja kusema," Kokushubira akaniambia. "Nenda ukaseme."

Akatangulia yeye, polepole, mguu ule akiuzungusha kwa nje kila hatua, mpaka kwenye kaburi lililozungushiwa mawe. Nikavua kofia, kofia ya kawaida hii, ya kitambaa. Nikasema kwamba mkwewe hakukaidi kengele. Kwamba kengele haikulia mpaka toroli lilipokuwa limekwisha kupita.

Nikafikiri imekwisha.

"Umezungumza na viatu vyako," akasema nyuma yangu. "Mama alikuwa hasikii vizuri."

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akasema bado. Upande wa pili wa uzio jirani alikuwa anapalilia kahawa, na mbele kidogo wanawake wawili walikuwa wanapita na kuni. Nikaelewa ananidai nini. Nikapaza sauti kadiri kifua kilivyoweza, nikataja jina langu na jina la baba yangu na Muleba ninakotoka, nikasema Kokushubira hakukaidi, kengele haikulia, mimi ndiye niliyekuwa na nyundo. Jirani akaacha jembe. Wale wanawake wakatua kuni zao wakasikiliza, na mmoja akauliza mwenzake, nikamsikia, "Anasema haikulia?" Nikamjibu mimi mwenyewe, haikulia.

Kokushubira akageuza fimbo yake kuelekea nyumbani.

"Sasa karibu ndani," akasema, "ukae."